Sifuri ya Kipande cha Sita

Barua ya baraza la kijiji ilifika Jumatatu asubuhi, na Doreen Tapsell aliisoma amesimama mlangoni, miguuni kavaa kandambili za mumewe. Alipofika mstari wa nne damu ilimpanda kichwani. Baraza lilikuwa linamshukuru, tena kwa jina, kwa kazi yake ya kujitolea ya miaka ishirini na sita. Na kwa kuwa rekodi zake mwenyewe zilionyesha kwamba yule kipepeo mdogo wa buluu hakuonekana kwenye tuta la reli ya zamani kiangazi kilichopita wala kiangazi hiki, Alhamisi wajumbe wangepiga kura tuta lisawazishwe, ili ukumbi wa kijiji upate maegesho ya magari. Katapila lilikuwa limekwisha kuagizwa. Ile shukrani ndiyo iliyomchoma kuliko yote.

Sisi wa Nether Combley tunamjua Doreen kwa mambo mawili: pudingi alizotupikia jikoni mwa shule kwa miaka thelathini, na hasira zake. Mtoto aliyebakiza mboga kwenye sahani hakupata pudingi, hata angekuwa mtoto wa kasisi, na mmoja kweli alikuwa mtoto wa kasisi. Alipostaafu tulidhani atapoa. Badala yake zile hasira zote alizihamishia kwa vipepeo. Si kwamba aliwakasirikia wao, la, aliwakasirikia watu kwa niaba yao, na watu wa kukasirikiwa hapa kwetu hawajawahi kupungua.

Kazi yenyewe haina maajabu. Tangu Aprili hadi Septemba, mara moja kwa wiki, unatembea njia ileile, baina ya saa tano kasorobo na saa kumi kasorobo, siku yenye jua na upepo usiopeperusha kofia, na unahesabu vipepeo, halafu namba zinapelekwa kwa wataalamu mjini. Njia ya Doreen inaanzia bustanini kwake, inapita nyuma ya bustani za majirani, inakata makaburi ya kanisa, halafu inafuata kichochoro chenye ua wa miti mpaka kituo cha basi. Hivyo ni vipande vitano. Cha sita kiko ng'ambo ya barabara: unapanda ngazi arobaini na moja, unatokea juu ya tuta ambalo zamani treni zilipita, na sasa pana nyasi na chokaa na maua tu. Unapotembea unajifanya umo ndani ya sanduku. Hatua tatu kushoto, hatua tatu kulia, hatua sita mbele. Kipepeo anayeingia sandukuni anaandikwa. Aliye nje haandikwi, hata awe mzuri namna gani. Hakuna kusimama kumngoja, hakuna kurudi nyuma.

Halafu kuna sifuri. Ukiandika sifuri maana yake ni kwamba umekwenda, umetazama, na hakuwapo. Ukiacha nafasi wazi maana yake hukwenda. Wapo watu wanaoona kwamba hayo ni mamoja, na mtu akithubutu kuyasema mbele ya Doreen anaweza kupigwa na ule ubao wake wa kubania karatasi. Mwalimu mmoja wa hesabu aliwahi kuyasema, baa, kwa mzaha. Mpaka leo wakikutana dukani yeye ndiye anayegeukia rafu ya biskuti.

Huyo wa buluu, ambaye ugomvi wote huu ni wake, si mkubwa kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Ukimwona kwa mbali utasema ni jivu limepeperuka. Kiwavi wake hali kitu kingine isipokuwa ua moja la manjano linaloota kwenye chokaa, na hapa kwetu ua hilo liko kwenye tuta tu. Kipepeo mwenyewe haishi zaidi ya siku kumi, na kwa siku hizo zote hatoki nje ya tuta alikozaliwa. Miaka minane iliyopita, ukumbi ulipoanza kulimezea mate tuta lile, Doreen alipigana na baraza mpaka likatia saini maneno haya: tuta lisiguswe mpaka vipite viangazi viwili mfululizo, vilivyotembewa, bila yule wa buluu kuonekana ndani ya njia. Maneno aliyatunga mwenyewe. Alidhani amelifunga tuta kwa kufuli ya chuma.

Kiangazi hiki kilikuwa kibaya, hilo hakulikana. Mei nzima mvua, Juni baridi. Alipanda ngazi zile mara tatu akiegemea fimbo, nyonga ikimlilia kila ngazi, na mara tatu aliandika sifuri. Zilimuuma, lakini aliziandika hivyohivyo, maana alikuwa amekwenda na alikuwa ametazama. Lakini kiangazi kilichopita hakikuwa chake. Mwishoni mwa Mei ya mwaka jana aliteleza uani akavunjika nyonga, akapasuliwa, kidonda kikaoza, akalazwa wiki sita katika hospitali ya Ferringham. Njia ilitembewa na mumewe, Clifford. Kila wiki alimletea fomu wodini, na kila wiki Doreen alitia saini chini, kichwa kikiwa kizito kwa dawa. Hakuzitazama hata moja.

Na Juni ya mwaka jana jua lilikuwa kali mpaka lami ya kijiji ikawa inashika soli. Alilitazama jua lile kupitia dirisha la wodi akililaani kwa kumpita. Tuta likae tupu wiki sita kwenye jua la namna ile? Labda kama mtu amelimwagia mafuta ya taa.

Clifford alikuwa jikoni anapaka siagi kwenye mkate, mpaka pembeni kabisa, kama anavyofanya kila kitu. Kwa miaka thelathini na minane alikaa kwenye kibanda cha ishara za reli, kazi yake kuvuta nondo za kupitisha treni na kuandika kila treni iliyopita katika rejista. Ni mtu mpole, na upole wake umemtia Doreen wazimu mara nyingi kuliko ambavyo ukali ungeweza.

"Clifford. Mwaka jana ulipanda tuta?"

"Nilitembea kila wiki. Si nilikuletea karatasi?"

"Sikukuuliza kama ulitembea. Nimekuuliza kama ulipanda tuta."

Aliweka kisu chini. Akaanza kueleza mambo ya basi. Alitoka nyumbani saa tano kasorobo kamili, akahesabu bustanini, nyuma ya majirani, makaburini, kichochoroni, hakuruka kitu, na alipofika kituoni basi la saa sita kasorobo lilikuwa tayari limekunja kona. Angelikosa hilo, la pili lingemfikisha Ferringham saa ya kuona wagonjwa imekwisha.

"Kwa hiyo hukupanda."

"Basi lilikuwa linakuja, Dor."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Sasa zile sifuri umezitoa wapi?"

Clifford alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Si sikumwona?"

"Hukumwona kwa sababu hukwenda. Mimi sijaiona China, niandike haipo?"

Alijaribu kujitetea, masikini. Katika rejista ya treni, alisema, hakuna nafasi wazi. Nafasi wazi maana yake aliyekuwa zamu alilala, na alimjua mtu aliyefukuzwa kazi kwa nafasi mbili tu. Kila mraba lazima uwe na kitu. Basi alipoufikia mraba wa kipande cha sita, kila wiki, mkono wenyewe uliandika sifuri. Hakuona ubaya. Alidhani ni unadhifu.

Doreen alichukua kikombe cha chai cha mumewe, kikiwa bado kinafuka moshi, akakimwaga kwenye sinki. Kisha akauliza ilikuwaje Jumapili, siku isiyo na basi, akashindwa kupanda ngazi arobaini na moja. Clifford alisema Jumapili alikuwa anafua magauni yake ya kulalia, maana hospitali haikufua. Doreen akamwambia angependa mara mia alale uchi. Usiku ule Clifford alitandikiwa chumba cha kushonea.

Ukweli ni kwamba alijikasirikia na yeye pia, na hasira ya namna hiyo haina pa kumwagwa. Saini ilikuwa yake. Mtu aliyekuwa tayari kumpiga mwenzake kwa ajili ya sifuri alikuwa ametia saini sifuri sita za uongo, mfululizo, akiwa amelala chali.

Jumanne alikwenda kwa Gerald Cattermole, mwenyekiti wa baraza. Cattermole alikuwa dalali wa nyumba mjini kabla ya kustaafu na kuhamia kwetu, na bustani yake ameinyoa kipara. Hakuna ua lililoota pasipo ruhusa. Siku ile alikuwa juu ya ile mashine yake ya kukatia nyasi, ya kuendeshwa umekaa, na hakuizima mpaka Doreen aliposimama mbele yake na fimbo. Doreen alimeza kiburi akamweleza taratibu: zile sifuri za mwaka jana zilikosewa, kipande cha sita hakikutembewa, makubaliano yalisema viangazi vilivyotembewa.

Cattermole alitabasamu. Alisema, kwa sauti ile wanayosemea watu na wagonjwa, kwamba kila timu ikifungwa husema refa alikosea. Alisema amesikitika, kweli kabisa. Kisha akasema neno ambalo Doreen hatalisahau.

"Vipepeo wana mabawa, mama yangu. Watahama."

"Na wewe una miguu, Bwana Cattermole. Mbona hukuhamia kijiji chenye maegesho?"

Cattermole aliwasha mashine yake. Lakini kabla ya kuondoka aliinama, akamwambia jambo ambalo Doreen alirudi nalo nyumbani kama jiwe kiatuni. Alimwambia kwamba zile fomu zina saini, na saini ni ya Bibi Tapsell. Akisimama Alhamisi kusema alitia saini uongo, watu watajiuliza ametia saini uongo mwingine upi katika miaka ishirini na sita. Huko mjini wanakopelekewa hizo namba watajiuliza vilevile. Alimshauri afikiri. Alisema anamshauri kama rafiki.

Na Doreen alifikiri, hiyo ndiyo shida. Jumatano mvua ilinyesha kutwa, hapakuwa na kutembea, na alikaa sebuleni amezungukwa na madaftari ishirini na sita yaliyopangwa sakafuni kwa miaka yake. Mule ndani mlikuwa na asubuhi ya mazishi ya mama yake, ambapo alitembea akiwa na nguo nyeusi kwa sababu jua lilitoka. Mlikuwa na miaka ambayo vipepeo wa kahawia wa majani walikuwa mamia, na miaka waliyopungua, na hakuna hata mraba mmoja alioupamba. Watu wasiomjua walizitegemea namba zile. Akinyamaza, tuta linakwenda. Akisema, madaftari yanakuwa karatasi za mwongo. Alitafuta njia ya tatu mpaka saa ya chai na hakuiona, na kila Clifford alipopita mlangoni aliinamia daftari.

Clifford alipita mara nne. Mara ya nne alisimama.

"Dor, kesho niseme mimi?"

"Wewe umekwisha sema vya kutosha. Sifuri sita."

Alhamisi saa moja jioni, jua bado likiwa juu ya paa la kanisa, ukumbi ulijaa. Wajumbe saba waliketi mezani mbele, Cattermole katikati, na kando yake Hazel, karani wa baraza, mama wa makamo ambaye sauti yake hukauka akiwa na wasiwasi, na jioni ile ilikuwa imekauka. Cattermole alizungumza uzuri wa maegesho kwa dakika kumi. Harusi zitaongezeka, wazee hawatatembea kwenye matope. Watu waliitikia kwa vichwa, na tusiwalaumu, matope kweli yapo. Kisha akasema kwamba kwa upande wa vipepeo baraza limefuata sayansi. Alilitamka neno hilo huku akimtazama Doreen.

Doreen alisimama. Alisema sifuri za mwaka huu ni za kweli, na za mwaka jana si za kweli. Alisema hakuna aliyekanyaga kipande cha sita mwaka jana. Aliyasema kwa sauti ya jikoni, ile iliyokuwa ikifika mpaka meza ya mwisho.

Cattermole aliinua karatasi. "Hii si saini yako, Bibi Tapsell?"

"Ni yangu."

"Zote sita?"

"Zote sita."

"Basi tusaidie. Ama karatasi hizi ni za kweli, ama hatujui ni lini uliandika ukweli na lini hukuandika. Ni moja kati ya hayo mawili."

Mtu fulani nyuma alicheka kidogo, halafu akajuta. Doreen aliwatazama watu aliowalisha utotoni, wengine sasa wana mvi, na akaona wanatazama viatu vyao. Alitaka kumvurumishia Cattermole fimbo. Alitaka pia kulia, jambo ambalo lilimkasirisha maradufu. Alipiga moyo konde.

"Basi andika la pili," alisema. "Nilitia saini kitu nisichokisoma. Mtakaotaka kuyatupa madaftari yangu yatupeni. Lakini tuta hamna haki nalo, kwa sababu hakuna aliyekwenda kulitazama."

Ndipo kiti kikaburuzwa. Clifford alikuwa ameketi ukutani, karibu na meza ya vikombe, maana kando ya mkewe hakuruhusiwa. Alitembea mpaka mbele bila haraka, akachomoa kalamu mfukoni mwa koti, akanyoosha mkono kwa Cattermole. Alisema tu, "Naomba hizo." Na Cattermole, kwa mazoea ya mtu anayeombwa kitu kwa adabu, akampa.

Clifford alizitandaza mezani. Alieleza, akiwa ameinama, kwamba katika rejista ya treni kosa halifutwi. Ukilifuta unafukuzwa. Unalichora mstari mmoja, ili atakayekuja nyuma yako aone ulichokosea, unaandika lililo sahihi pembeni, na unatia herufi za jina lako, si za mwingine. Alipitisha mstari kwenye sifuri ya kwanza. Pembeni akaandika maneno. Akatia C.T. Akahamia ya pili. Watu mia tulimtazama mzee mmoja akiandika mpaka alipomaliza ya sita.

Hazel alizichukua akazisoma kwa sauti, maana ndiyo kazi yake. Ya kwanza ilisema: *Sikupanda. Nilikuwa kwa mke wangu.* Ya pili ilisema hivyohivyo. Ya tatu ilisema: *Sikupanda. Siku hii hakunijua.* Ya nne vilevile. Kufika ya tano sauti ya Hazel ilikuwa imekauka kabisa, na alizikabidhi kwa mjumbe wa pembeni azimalizie mwenyewe.

Doreen hakuwa na habari ya siku hizo. Hakuna aliyemwambia kwamba ziliwahi kuwapo siku ambazo hakumjua mumewe. Alikumbuka stroberi kwenye mfuko uliolowa, na mtu ameketi kando ya kitanda anaandika kitu gotini, na alikuwa amedhani ni siku moja. Alimtazama Clifford kwa hasira mpya, kwa kumficha hilo mwaka mzima.

Cattermole alisema yote hayo yanagusa moyo, lakini je, utaratibu? Hazel, Mungu ambariki, alikuwa amekwisha kufungua faili. Alisoma makubaliano: viangazi viwili mfululizo, vilivyotembewa. Kiangazi kilichopita, alisema, kipande cha sita hakikutembewa, na aliyekosea amesahihisha mwenyewe mbele ya mashahidi. Kilichobaki ni kiangazi hiki peke yake, nacho hakijaisha. Walipiga kura. Wanne kwa watatu, tuta likaachwa mpaka mwisho wa kiangazi kijacho, na katapila likarudishwa lilikotoka. Kuhusu madaftari, mjumbe mmoja alipendekeza watu wa mjini wajulishwe, na Doreen akajibu kwamba barua ameshaiandika na stempu ameshabandika.

Walirudi nyumbani. Mlangoni Doreen alisema, "Uliniacha nililaani jua wiki sita, kumbe nilikuwa nakufa."

"Hukufa," alisema Clifford.

"Si kwa msaada wako." Lakini Clifford alipoelekea chumba cha kushonea alimwuliza anakwenda wapi.

Jumamosi anga lilifunguka. Kipimajoto kilisoma nyuzi kumi na nane kivulini, upepo haukuwa wa kutikisa jani, na saa tano na dakika kumi Doreen alimkabidhi Clifford ubao na kalamu, akachukua fimbo. Ilikuwa wiki ya mwisho ya maana. Baada ya hapo wakati wa yule wa buluu unakwisha. Akiingia sandukuni hata mmoja tu, kiangazi hiki kingetoka kwenye hesabu ya Cattermole, naye angelazimika kuanza upya. Wote wawili walilijua hilo, na hawakulitaja.

Bustanini waliwapata weupe wawili juu ya kabichi, Doreen akawatamka huku akiwatukana, maana kabichi zilikuwa zake. Nyuma ya majirani mmoja mwekundu juani ukutani. Makaburini wa kahawia kumi na saba, kumi na wanane. Clifford aliandika kila namba kwa mwandiko wa rejista. Kituoni basi lilipita, dereva akawapungia, Clifford akainua kalamu kumsalimu. Halafu wakavuka barabara, wakapanda ngazi arobaini na moja, wakipumzika kwenye ya ishirini, Doreen akiilaani nyonga, reli, na aliyezijenga ngazi.

Juu, ua la manjano lilikuwa limechanua, limefifia pembeni. Walitembea mwendo uleule, si wa haraka si wa pole. Nusu ya tuta, hakuna. Robo tatu, hakuna. Ndipo Clifford akasimama, na kusimama hakuruhusiwi.

"Kule, Dor. Kwenye nguzo ya ua wa waya."

Alimwona. Rangi ya jivu, mdogo kama kipande cha ukucha, amekunja mabawa juu ya jani. Akayafungua mara moja, na vumbi la buluu likaonekana karibu na mwili. Hatua sita pembeni, labda kasoro. Sanduku ni hatua tatu.

"Niandike mmoja?"

"Yuko nje."

"Kwa hatua tatu tu."

"Hata ingekuwa nusu hatua." Doreen alimtazama yule kipepeo, na hasira za wiki nzima zikampata wa kuzipokea. "Sogea huku, mshenzi mdogo wewe. Watu wamevunjiana heshima ukumbini kwa ajili yako. Hatua tatu tu."

Kipepeo alikunja mabawa. Doreen alimvuta mumewe mkono, wakaendelea mpaka mwisho wa njia, bila kugeuka, kama sheria inavyotaka. Pale kwenye jiwe la mwisho Clifford alisimama na kalamu juu ya mraba wa kipande cha sita. Aliutazama mraba mtupu, kisha akamtazama mkewe, kama anayeomba aruhusiwe, mara hii moja, kuuacha wazi.

"Andika sifuri," Doreen alimwambia. "Safari hii tumetembea."